Mpaka Uliochipua Kaburini

Tuliuacha mkate hewani, msomaji wangu. Padre Polikarpi ameushika kwa vidole viwili, na mbele yake amesimama katekista Apolinary, macho yamemtoka kama mjusi aliyebanwa na mlango. Kigango kizima cha Mabira kimenyamaza. Hata watoto wachanga wameacha kulia, au labda mama zao wamewaziba midomo ili wasikose uhondo.

"Mwili wa Kristo," Padre akasema kwa mara ya pili.

Katekista hakuitika Amina.

Kwa wewe ambaye gazeti lako la juma lililopita lilifungiwa maandazi kabla hujalisoma, nikukumbushe. Vita vya Nduli vilipoanza mwaka 1978, Sibomana, jirani yake Apolinary ambaye watu walimwita mgeni kwa kuwa ukoo wake ulihamia hapa, alikimbia na mkewe Mukandekezi na binti yao mdogo Immaculata. Sibomana akafia njiani. Mjane aliporudi baada ya vita, alikuta kibanja chake, shamba lake la nyumbani, kimepungua upana. Migomba yake mizuri kuliko yote, pamoja na mstari mzima wa mibuni, ilikuwa imehamia kwa katekista bila kutembea. Mlamula, ule mti wa mpaka ambao watu wa Karagwe wanauheshimu kuliko karatasi ya serikali, ulikuwa umesimama mahali ambapo haukuwapo.

Mjane akalalamika, na baraza likaketi. Kahigi, kaka mkubwa wa Apolinary, ambaye ndiye balozi wa nyumba kumi, akaapa kwamba mpaka ni ule ule wa tangu babu yao. Mukandekezi akaambiwa amemsingizia mtumishi wa Mungu. Akazuiwa komunyo mpaka aombe msamaha mbele ya watu. Akaomba. Alipiga magoti mbele ya altare huku machozi yanamtiririka, na Apolinary akashuka, akamshika mkono, akasema, "Nimekusamehe, mama." Watu wakapiga vigelegele.

Umeona mambo hayo? Aliyeibiwa ndiye aliyeomba msamaha, na mwizi ndiye aliyeutoa.

Basi mwizi huyo aliungama kwa Padre kabla ya Noeli. Padre akamnyima ondoleo la dhambi mpaka arudishe alichochukua, na tangu siku hiyo Apolinary hajala komunyo. Kila Padre akija kigangoni, katekista ana kisingizio kile kile: amesahau, amekunywa uji watu wakiwa tayari njiani kuja misani, na aliyekula karibu na misa hapokei. Uji huo sasa ni maarufu hapa Mabira. Wanakwaya wanautungia utani. Leo asubuhi Kahigi alikuja akasimama mlangoni kwake akamwambia, "Uji umekwisha. Leo unakula." Ndiyo maana katekista yuko pale mbele, na ndiyo maana jasho linamtoka.

Na Padre je? Najua wapo watakaouliza kwa nini asimnyime tu. Hawezi! Aliyoyasikia katika kitubio ameyazika. Akimnyima mtu mbele ya macho ya watu kwa sababu ya yale aliyoungama, atakuwa amemtangaza. Apolinary akifungua mdomo, Padre lazima aweke. Walikuwa wafungwa wawili pale mbele, kila mmoja akimwomba Mungu mwenzake ndiye ashindwe kwanza.

Kahigi akakohoa kutoka benchi la mbele.

Kahigi ana sifa moja inayojulikana kote Mabira: akiinua mkono, haurudi mtupu. Kikohozi chake nacho ni vivyo hivyo. Apolinary akafumba macho, akafungua mdomo. Vidole vya Padre vikasogea. Ulimi wa katekista ukahisi ladha ya ule mkate kabla haujaugusa.

Akafunga mdomo. Akageuka kwa ghafla na kumpamia mtu aliyekuwa nyuma yake katika mstari.

Alikuwa Mukandekezi.

"Pole, baba katekista," mjane akanong'ona. "Uji tena?"

Hakuwa anamkejeli. Laiti angekuwa anamkejeli! Alimtazama kwa huruma ya kweli, akampisha apite, akasogea mbele, akaitika Amina. Na mkate ule ule uliomshinda katekista ukaingia kinywani mwake.

* * *

"Padre, nisaidie."

Walikuwa kwenye kile chumba kidogo nyuma ya altare. Padre Polikarpi, kijana ambaye bado ana ndevu za kuhesabika, alikuwa anavua mavazi ya misa. Miguuni pake palikuwa na sadaka za siku ile: mikungu ya ndizi, maharage, na kuku mmoja aliyefungwa mguu.

"Nikusaidie nini, katekista? Mimi sijui lolote."

"Padre, unajua!"

"Nje ya kitubio mimi sijui lolote," Padre akasema polepole, kama anayemfundisha mtoto. "Ukitaka nijue, piga magoti."

Apolinary akapiga magoti kando ya yule kuku. Padre akavaa tena stola, utepe wake wa kitubio, akaketi juu ya gunia la maharage.

"Nitarudisha, Padre. Lakini kimya kimya. Kila masika nitausogeza mlamula hatua moja. Mwaka huu hatua moja, mwakani nyingine, mpaka ufike pale pa zamani. Hakuna atakayegundua."

Padre alitaka kucheka, akajizuia.

"Uliiba kwa siku moja, unataka kurudisha kwa mafungu? Na jina lake je? Nalo utamrudishia hatua moja kila masika?"

"Jina gani?"

"Mnamwita mwongo, Apolinary. Watoto wa mafundisho wanamwita mwongo, nao umewafundisha wewe. Kuchukua shamba ni dhambi, watu wengi wamechukua mashamba. Lakini wewe ulichukua, halafu ukamsamehe. Hilo la pili ndilo linaloninyima usingizi."

Katekista akainamisha kichwa. Kisha akalitoa lile lililokuwa limemkaba siku zote.

"Padre, mama yangu amezikwa pale."

"Pale wapi?"

"Kwenye kile kipande. Mama yetu Kokugonza alipofariki, kaka ndiye aliyechagua mahali. Alisema, nani atadai ardhi yenye kaburi letu? Nikirudisha shamba, nimemtoa mama. Na sisi hatuzikwi kwa watu, Padre. Mtu wetu analala katika kibanja chetu. Mtu asiye na kibanja cha kulala ni mtu gani?"

Padre Polikarpi akautazama mlango. Nje waliobaki walikuwa wanasubiri, na wewe unajua jinsi wanavyosubiri, kila mmoja anapima urefu wa maungamo ya mwenzake kama anapima kitambaa.

"Hilo hukuniambia," Padre akasema.

"Sikuthubutu."

"Basi sijui, Apolinary. Nisikudanganye. Kuhusu kaburi sijui nikwambie nini. Ninachojua ni kwamba mama yako hakuiba kitu, na wewe unamtumia kama kufuli."

Alivua stola, akaibusu, akaikunja. Baada ya hapo hakujua lolote tena. Alifunga mkungu mmoja nyuma ya pikipiki akaondoka kuelekea kigango kingine, na asingerudi Mabira mpaka Pasaka.

* * *

Kahigi alikuwa anamngoja chini ya upenu wa kanisa.

"Shikamoo, kaka."

"Shikamoo gani hiyo?" Kahigi akafoka kwa sauti ya chini. "Umenivua nguo mbele ya watu! Twende nyumbani kwako. Tutaongea tukitembea, watu wadhani tunaongea habari za kahawa."

Wakatembea. Ukiwaona kwa mbali ungesema ni ndugu wanaopendana.

"Sikiliza, mdogo wangu. Wewe ukifungua mdomo, mimi sikujui. Nitasema ulihamisha mpaka peke yako, ukanidanganya hata mimi. Nani atakuamini? Na siku utakapokufa, ukoo hautakuja. Hakuna atakayeshika jembe. Utazikwa na nani, na yule Padre mtoto?"

Kwa mtu wa huku, maneno hayo ni mazito kuliko jehanamu. Jehanamu iko mbali na huenda ukasamehewa njiani, lakini kuoza bila mtu wa kukuzika ni aibu ya hapa hapa.

"Tena," Kahigi akaendelea, "ile takataka pale kaburini uing'oe."

Hapo msomaji naomba uniwie radhi, nilikuficha jambo hili makusudi. Ndugu hawa walipohamisha mpaka, walipanda vijiti vipya vya mlamula ndani ya shamba la jirani, na ile mizee ya zamani wakaikata usawa wa ardhi, wakaifunika kwa majani makavu ya migomba. Walikosea. Mlamula haufi kwa kukatwa! Tangu mwaka ule, kila mvua zikianza, mpaka wa Sibomana unachipua chini ya migomba ya katekista, na kila mara katekista anakwenda na panga, eti anapalilia, anakata chipukizi zote mpaka ya mwisho. Mkewe hajapata kumwona akipalilia kwa bidii namna ile sehemu nyingine yoyote.

Masika haya chipukizi moja ilitokeza kichwani mwa kaburi, karibu kabisa na msalaba wa mama yake. Kabla hajaiwahi, akina mama wa kwaya waliokuja kusali waliiona. Wakasema mama Kokugonza alikuwa mtakatifu, tazama, kaburi lake limetoa uhai. Wakaizungushia mawe. Wanaimwagilia maji. Sasa aikate vipi? Atawaambia nini? La kuvunda halina ubani, na hili lilikuwa limevunda, tena lina majani mabichi.

"Siwezi kuing'oa, kaka. Watauliza."

"Basi nitaing'oa mimi," Kahigi akasema.

* * *

Jikoni kwa katekista, mkewe Auleria alikuwa anamenya ndizi. Sebuleni, Kahigi alikuwa ameshika kibuyu cha rubisi, pombe ya ndizi, na hana dalili ya kuondoka. Mvua ilikuwa inaanza kupiga mabati.

"Mama Kemigisha," Apolinary akasema kwa sauti ndogo, "nina neno."

"La uji?"

"Si la uji. La mlamula."

Kisu kikasimama.

"Miaka yote hii," Auleria akasema bila kugeuka, "nilikuwa nangoja uniambie."

"Unajua?"

"Kiangazi kile mlipopanda, vijiti vyenu vilianza kunyauka. Halafu vikashika. Mkasema Mungu amebariki. Mungu hakubeba ndoo kutoka bondeni, baba Kemigisha. Nilibeba mimi."

Apolinary akakaa juu ya kinu. Miaka yote alikuwa amejificha ndani ya nyumba yake mwenyewe, kumbe nyumba ilikuwa wazi.

"Na komunyo? Kila Padre akija, wewe unakula."

"Nilijiambia dhambi ni ya waliohamisha, mimi nilimwagilia tu. Leo nimemwona yule mjane akipokea ile iliyokuwa yako. Nilikuwa nyuma yake. Zamu yangu ilipofika, nikatoka kwenye mstari. Sikula, hukuniona? Nimekunywa uji na mimi."

Wakatazamana. Ulikuwa utani mbaya, na hakuna aliyecheka.

"Hodi!" sauti ikaita mlangoni, kwenye mvua.

"Karibu!" Kahigi akaitikia kutoka sebuleni, kama mwenye nyumba.

Aliyeingia alikuwa amejifunika jani la mgomba kichwani, na mkononi alikuwa na kikapu cha maharage mapya. Alikuwa Mukandekezi.

* * *

"Shikamoo, mzee balozi," mjane akasema, akipiga magoti kama ilivyo desturi.

"Marahaba. Mvua yote hii, mama Immaculata, kuna nini?"

"Nimekuja kwa baba katekista. Ni jambo la roho."

Apolinary alikuwa ametokea mlango wa jikoni. Alimwona mjane pale chini, maji yanamchuruzika, na akatamani ardhi ipasuke immeze. Mlango wa nje Kahigi alikuwa ameuziba kwa kigoda chake. Mlango wa jikoni, mkewe alikuwa amesimama na kisu cha ndizi. Hakukuwa na pa kupita.

"Waitu, baba yetu katekista," Mukandekezi akaanza, "tangu Noeli nakuona huli. Watu wanasema uji. Mimi si mtoto. Mtu mzima hasahau uji kila mara. Wewe mwenyewe ulitufundisha: ukileta sadaka yako altareni, ukakumbuka kuwa wewe na ndugu yako mna neno, iache hapo, nenda kwanza mkapatane. Nikajiuliza, nani ana neno na katekista? Nikaona ni mimi."

"Mama..." Apolinary akasema.

"Niache nimalize, nitakosa nguvu. Nilikusingizia mbele ya baraza. Ukanisamehe kwa mdomo, lakini mtu ni mtu, labda moyo ulikataa. Na mimi nakula kila mwezi huku wewe una njaa ya Bwana kwa sababu yangu! Leo umeniachia zamu yako nikaona haya. Nimekuja kuomba msamaha mara ya pili. Nisamehe kabisa, na wewe upate kula."

Akaweka kikapu chini. Akainamisha kichwa.

Nimeandika hadithi nyingi, msomaji, na nimewaua watu wengi katika gazeti hili bila mkono wangu kutikisika. Mwanamke huyu na kikapu chake cha maharage amenitoa machozi.

"Tena niseme yote," akaendelea. "Macho yangu bado yana ukaidi. Nikipita pale naiona mibuni ile, namwona Sibomana akiipanda, na shati lake la kijani. Nasema, Shetani, toka. Naungama jambo hilo kila Padre akija. Padre ananiambia si dhambi, mama, hiyo si dhambi, lakini yule ni kijana, hajui. Mara ya mwisho alinyamaza nikadhani amesinzia."

"Amekusamehe!" Kahigi akadakia. Alikuwa amesimama, anatabasamu meno yote nje. "Siku nyingi amekusamehe, mama. Ni tumbo tu linamsumbua. Katekista, mwambie mama neno lake aende, mvua isizidi."

Mabati yalikuwa yananguruma.

Neno lilikuwa moja tu. Alikuwa ameshawahi kulisema, na lilikuwa tayari kwenye ulimi. Nimekusamehe. Akilisema, mjane ataondoka kwa furaha, Kahigi atamaliza rubisi yake, mama ataendelea kulala, na Pasaka itapita kama Pasaka nyingine. Akilisema, pia hatatoka humo milele. Alilijua hilo kama alivyojua jina lake.

"Apolinary!" Kahigi akasema kwa meno.

"Sema," Auleria akasema kutoka mlangoni. "Au niseme mimi."

Mwanamume wa huku hapigi magoti mbele ya mwanamke, sembuse mbele ya mjane wa watu waliokuja. Apolinary akapiga magoti. Kahigi aliguna kama aliyechomwa mwiba.

"Usiniombe," katekista akasema. "Nakusihi, mama Immaculata, usiniombe tena. Macho yako hayakusema uongo."

Mukandekezi alimtazama bila kuelewa.

"Inuka. Twende nikuonyeshe."

* * *

Walitoka kwenye mvua, yeye mbele, mjane nyuma, Auleria nyuma yao. Kati ya migomba kulikuwa na giza la mawingu na matone makubwa. Kaburi la mama Kokugonza lilikuwa pale, msalaba wake wa mbao umeinama kidogo, na kichwani, ndani ya duara la mawe la akina mama wa kwaya, chipukizi ya mlamula imesimama, mbichi, urefu wa mkono.

Apolinary akaondoa mawe kwa mikono. Akafukua udongo kwa vidole mpaka kisiki kikaonekana, kinene kama paja, na alama za panga juu yake, za zamani na mpya.

"Huu ni mlamula wa mume wako," akasema. "Tuliukata baada ya habari za kifo chake kufika, tukidhani hamtarudi. Kila masika unachipua, na kila masika naukata. Mpaka wenu unapita hapa. Unatoka kule kwenye jiwe, unapita hapa kaburini, unakwenda bondeni."

Mukandekezi alianza kutembea kufuata mstari ule, polepole, huku anagusa miti ya kahawa mmoja baada ya mwingine. Alipofika wa mwisho akaukumbatia, akaegemeza kichwa. Kisha akarudi.

"Kwa hiyo sikuwa mwongo?"

"Hukuwa."

"Na siku ile nilipopiga magoti kanisani, ulijua?"

"Nilijua."

"Ulinishika mkono."

"Nilikushika."

Mjane akautazama mkono wake wa kulia. Akaufuta kwenye kitenge chake kilicholowa, mbele na nyuma, taratibu, kama anayetoa utomvu wa ndizi.

"Nisamehe," Apolinary akasema. Alikuwa analia sasa, na hakujali.

"Nimekuja hapa kuomba msamaha, baba katekista," Mukandekezi akajibu. "Wa kutoa sikubeba."

Auleria akafunika uso. Hilo ndilo neno la kwanza la haki lililosemwa katika shamba lile tangu vita, na lilimwuma kila aliyelisikia. Katekista alikuwa amefundisha miaka mingi kwamba ukitubu unasamehewa. Hakuwahi kuwafundisha watoto kwamba kuna kungoja katikati, wala kwamba mtu anaweza kufia humo.

"Sogeeni!"

Alikuwa Kahigi. Alikuwa amevua koti la Jumapili, na mikononi ameshika jembe la Auleria.

"Kaka, unafanya nini?"

"Umempa shamba? Vizuri! Shamba ni lake, nimesikia kwa masikio yangu. Lakini mama yangu halali kwa mgeni. Leo hii anatoka. Nitambeba mwenyewe mgongoni mpaka kwangu, na laana yake iwe juu yako na watoto wako!"

"Kaburi halifukuliwi, kaka! Ni mwiko!"

"Ulilifukua wewe kwa mdomo wako!"

Jembe likashuka. Udongo uliolowa ukapasuka, na msalaba ukaanguka kifudifudi. Auleria akapiga ukunga uliosikika mpaka barabarani. Apolinary alimrukia kaka yake miguuni, akapigwa teke la kifua, akaangukia migombani bila pumzi.

Kahigi akainua jembe mara ya pili.

Hapo mjane akafanya jambo ambalo hakuna aliyelitazamia. Alitupa jani lake la mgomba, akapita chini ya mikono ya Kahigi, na akalala juu ya kaburi, kifua chini, mikono ameitandaza juu ya ule udongo uliopasuka.

"Toka hapo, mama!" Kahigi akanguruma.

"Sitoki."

"Huyu si wako!"

"Yuko kwangu," Mukandekezi akasema, shavu lake limegusa tope. "Miaka yote mnaniita mgeni, mzee balozi, na mimi nikaitika. Sasa mwenye shamba ni mimi, na mgeni ni huyu bibi. Mdogo wako sijamsamehe, na wewe hata hujaniomba. Lakini kwetu mgeni hafukuzwi kwenye mvua."

Jembe lilikuwa bado juu. Maji yalikuwa yanatiririka kwenye mpini, yanaingia katika mikono ya shati la Kahigi. Apolinary alikuwa anatambaa kwenye matope kuelekea kaburini, anajaribu kuita na sauti haitoki.

Na Kahigi, mtu ambaye akiinua mkono haurudi mtupu, alikuwa anautazama mgongo wa mjane, anahema, na jembe halishuki wala halirudi.